Unaanza chuo cha afya? Anza na namba

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka na vyuo vya kati vikianza kupokea wanafunzi wa uuguzi, utabibu na famasia, swali huwa lile lile: nisome nini kabla sijaripoti? Wengi huambiwa waanze na majina ya mifupa 206, au wakariri orodha ya magonjwa na dalili zake. Sina ugomvi na mifupa. Mifupa utafundishwa, utaisahau, na karibu na mtihani utaikumbuka tena. Kinachomkwamisha mwanafunzi akifika wodini, na kinachomuumiza mgonjwa, kiko chini zaidi ya hapo: kupima vibaya, kisha kukokotoa vibaya kile alichopima.

Fizikia, Kemia na Baiolojia hazikuwekwa kwenye sifa za kujiunga na utabibu ili kupunguza foleni ya waombaji. Lile somo la shinikizo katika vimiminika, ambalo wengi walilivuka kwa kukariri fomula, ndilo presha ya damu. Ile mada ya kuzimua myeyusho ndiyo dripu ya sukari ya mtoto aliyezimia. Kama ulifaulu kwa kukariri, una likizo nzima ya kurudi nyuma na kuelewa.

Dozi nilizotumia humu chini ni zile za miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Ukiwa kazini fuata mwongozo wa taifa ulio wodini kwako, na hesabu yako irudiwe na mtu wa pili.

Pumzi

Naanza na upumuaji kwa sababu ni kipimo cha bei nafuu kuliko vyote na ndicho kinachoghushiwa kuliko vyote. Hakihitaji mashine, kinahitaji saa yenye mshale wa sekunde na dakika moja ya utulivu. Chukua chati za wodi ya watu wazima uangalie safu ya upumuaji. Mara nyingi utakuta 20, 20, 18, 20, 20. Wagonjwa wenye maradhi tofauti hawawezi kwenda kwa mwendo mmoja kama askari kwenye gwaride. Hizo namba ziliandikwa tu, hakuna aliyehesabu.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja, si mbili. Mgonjwa asijue unahesabu, maana akijua ataanza kujisikiliza na mwendo utabadilika. Wauguzi wazoefu humshika kifundo cha mkono kama vile bado wanahesabu mapigo, huku macho yameshahamia kifuani.

Kwa mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida, namba hii ndiyo inayoamua matibabu. Mwongozo wa IMCI (wa matibabu ya pamoja ya magonjwa ya watoto) unaotumika kwenye zahanati zetu unasema anapumua haraka akifikisha 60 au zaidi kwa dakika kama hajatimiza miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi kabla ya 12, na 40 au zaidi kuanzia miezi 12 hadi kabla ya miaka 5. Mwombe mama afunue nguo mpaka uone tumbo na sehemu ya chini ya kifua. Mtoto akilia, subiri. Akiwa amelala, usimwamshe.

Hesabu dakika nzima. Ile tabia ya kuhesabu sekunde 15 halafu kuzidisha kwa 4 ina hatari moja inayoonekana kwenye karatasi kabisa. Mtoto ana miezi 8. Ukihesabu 12 kwa sekunde 15 unapata 48: ni kikohozi cha kawaida, arudi nyumbani. Ukihesabu 13 unapata 52: ni nimonia, aanze amoksilini. Pumzi moja tu, ambayo huenda ilianza kabla hujatazama saa, imebadilisha jina la ugonjwa. Ukihesabu sekunde 60, kosa la pumzi moja linabaki kuwa kosa la pumzi moja. Kwa kichanga ni zaidi ya hapo, kwa kuwa pumzi zake huja kwa mafungu: anapumua haraka haraka, anatulia sekunde chache, anaanza tena. Ukipata 60 au zaidi kwa mtoto huyo, tulia, hesabu mara ya pili.

Presha, au somo la Fizikia lililovaa koti jeupe

Mkanda wa kupimia presha ulibuniwa Italia na Scipione Riva-Rocci mwaka 1896. Wakati huo daktari aliujaza upepo, akashika mapigo ya kifundo, na mapigo yalipopotea akasoma namba ya juu. Ya chini hakuwa na njia nzuri ya kuipata. Mwaka 1905 daktari wa upasuaji wa Urusi, Nikolai Korotkov, akaweka chombo cha kusikilizia juu ya mshipa ulio chini ya mkanda na kueleza sauti anazozisikia upepo ukitoka. Mpaka leo ukipima kwa stetoskopu unafuata njia yake: sauti ya kwanza ni namba ya juu, na pale sauti zinapokatika kabisa ni namba ya chini.

Kabla ya kugusa mashine kuna kazi ya kumwandaa mtu, na hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Awe amekaa akatulia dakika 5. Nusu saa iliyopita asiwe amekunywa kahawa au chai, asiwe amevuta sigara, wala kupanda mlima kuja kituoni. Awe ametoka haja ndogo, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha presha. Mgongo uegemee, nyayo zikae chini, miguu isipishane. Halafu asiongee. Kwetu hili la mwisho ni gumu, maana mgonjwa aliyefundwa vizuri hawezi kunyamazia shikamoo wala kuacha kuulizia habari za nyumbani. Maliza salamu zote kwanza, mwambie mama au mzee kwamba sasa mtanyamaza kidogo, ndipo ufunge mkanda.

Mkanda hufungwa kwenye ngozi, si juu ya nguo. Mkono wa gauni au wa baibui uliobana ukiukunja mpaka begani, umeshafunga mshipa kabla hujaanza. Tafuta pazia au chumba cha pembeni, atoe mkono mmoja. Ukingo wa chini wa mkanda uwe sm 2 hadi 3 juu ya kiwiko, na alama ya mshipa iliyochorwa kwenye mkanda ikae juu ya mshipa wenyewe, upande wa ndani.

Saizi ya mkanda ndiyo inayopuuzwa zaidi. Ule mfuko wa hewa ulio ndani ya kitambaa unatakiwa uwe na urefu wa kama asilimia 80 ya mzingo wa mkono, na upana wa kama asilimia 40. Mkono wenye mzingo wa sm 34 unahitaji mfuko wa karibu sm 27 kwa sm 14. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima umetengenezwa kwa mkono wa takriban sm 22 hadi 32. Ukiufunga kwenye mkono mnene, mfuko hauzunguki vya kutosha, unalazimika kujaza upepo mwingi zaidi ili kubana mshipa, na mtu asiye na ugonjwa anaandikiwa presha ya kupanda. Kwa mkono mwembamba sana kosa hugeuka: mkanda mpana unasoma chini.

Sasa Fizikia. Mkono unatakiwa uegemee juu ya kitu, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Kwa nini? Kwa sababu shinikizo la kimiminika huongezeka kadiri unavyoshuka. Densiti ya damu ni kama 1.06, ya zebaki ni 13.6. Mkono ukining'inia sm 10 chini ya moyo, umeongeza safu ya damu yenye milimita 100, na kwa zebaki hiyo ni 100 × 1.06 ÷ 13.6, yaani karibu 8 mmHg (milimita za zebaki). Mtu mwenye 134/84 ataandikiwa 142/92. Mpaka wa presha kuwa juu ni 140/90. Kiti kirefu na meza fupi vimempa mtu ugonjwa wa maisha, kama kuna atakayemwanzishia dawa kwa kipimo cha siku moja, jambo ambalo nalo halitakiwi.

Kupima kwenyewe: shika mapigo ya kifundo, jaza upepo mpaka yapotee, ikumbuke namba hiyo. Achia upepo wote, subiri kidogo. Jaza tena mpaka 30 juu ya namba ile, weka stetoskopu, kisha fungua taratibu ili mshale ushuke 2 hadi 3 mmHg kwa sekunde. Wanafunzi huona hatua ya kushika mapigo ni ya kupoteza muda. Kuna wagonjwa, hasa wenye presha kubwa ya muda mrefu, ambao sauti zao huanza juu, hupotea katikati, kisha hurudi. Tuseme zinaanza 190, zinakatika 170, zinarudi 150. Aliyejaza upepo mpaka 165 kwa mazoea atasikia sauti ya kwanza kwenye 150 na kumwambia mgonjwa hali si mbaya. Vidole kwenye kifundo vingemwambia ukweli.

Ukiachia upepo haraka, sauti ya kwanza inakupita na namba ya juu inasomeka chini kuliko ilivyo, huku ya chini ikisomeka juu. Ukisita katikati na kujaza tena bila kuachia wote, damu inatuama mkononi na sauti zinafifia.

Njia moja ya kutambua kipimo cha kubuni: vifaa vya mshale vina mistari ya kila 2 mmHg, kwa hiyo namba zake ni shufwa. Ukiona 137/83 imeandikwa na mtu aliyetumia kifaa cha mshale, muulize aliiona wapi hiyo 7. Na ukiona ukurasa mzima wa namba zinazoishia na 0, mtu alikuwa anakadiria. Kabla ya kuanza zamu, tazama mshale ukiwa hauna upepo. Kama haukai kwenye sifuri, pengine kifaa kilianguka, na kila utakachopima kitabeba kosa hilo.

Mashine za umeme zimerahisisha kazi na sizipingi. Kwa mjamzito mwenye dalili za kifafa cha mimba, hata hivyo, nyingi husoma chini ya hali halisi isipokuwa zile zilizothibitishwa kwa wajawazito, na 160/110 ni namba ambayo hutaki ikupite. Jifunze kusikiliza kwa masikio yako.

Mapigo, joto, na kile kifaa cha kidole

Mapigo ya mtu mzima aliyepumzika ni 60 hadi 100. Tumia vidole viwili vya kati, usitumie dole gumba kwa sababu lina mapigo yake na utajihesabu mwenyewe. Yakienda sawasawa, sekunde 30 mara 2 inatosha. Yakirukaruka, dakika nzima. Joto la kwapani 37.5 au zaidi kwa mtoto ni homa kwa mujibu wa IMCI. Kwapa likaushwe kwanza, ncha ya kipimajoto iguse ngozi, mkono ubanwe. Kwa joto la mdomoni, aliyetoka kunywa chai asubiri.

Oksimita, kile kibanio cha kidoleni, inastahili maneno zaidi kwa sababu watu wanaiamini mno. Inapitisha mwanga wa aina mbili kidoleni, mwekundu na ule wa chini ya wekundu usioonekana kwa macho, na kulinganisha kiasi kinachonyonywa na damu inayodunda. Chochote kinachozuia mwanga au kupunguza mdundo kinaiharibu: rangi ya kucha, kidole cha baridi, mgonjwa anayetetemeka, presha iliyoshuka sana. Pwani ongeza piko. Hina nyekundu haisumbui sana, lakini piko nyeusi iliyokolea kwenye ncha za vidole inaweza kuifanya isisome kabisa au isome chini. Bibi harusi aliyeletwa anahema, mpime kwenye ndewe ya sikio au kidole cha mguu ambacho hakikupakwa.

Kabla hujaamini asilimia, linganisha mapigo yanayoonyeshwa na kifaa na yale unayoyahesabu kifundoni. Yasipolingana, hiyo asilimia ni takataka.

Kuna mahali ambapo oksimita hudanganya kwa utulivu kabisa. Mtu amelala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, asubuhi anakutwa hajitambui. Unambana kidole, kifaa kinasoma 98. Hewa ya kaboni monoksaidi imeshika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na kwa mwanga wa kifaa damu hiyo inafanana na iliyojaa oksijeni. Mpe oksijeni nyingi mara moja, namba isikuzuie. Kuna pia suala la ngozi: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni hukosekana kuonekana kwenye kifaa hiki mara nyingi zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe, kifaa kikisoma juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo mgonjwa anayevuta mbavu ndani akiwa na 93 usimwache eti kwa sababu namba ni nzuri.

Kutoka kwenye namba kwenda kwenye sirinji

Hesabu za dawa si ngumu. Ni kugawanya, kuzidisha, asilimia na kubadili vipimo. Ugumu wake ni kwamba unazifanya saa nane za usiku, mtoto analia, na umeme umekatika.

Kanuni ni moja: kiasi unachotaka, gawanya kwa kiasi kilichomo kwenye chupa, zidisha kwa ujazo kilimomo. Mtoto wa kilo 8 anahitaji parasetamoli 15 mg kwa kilo, yaani 120 mg. Chupa imeandikwa 120 mg kwa 5 ml. Mpe 5 ml. Chupa nyingine dukani imeandikwa 250 mg kwa 5 ml, na hapo jibu ni 120 ÷ 250 × 5, sawa na 2.4 ml. Ukimwambia mama "kijiko kimoja" bila kutazama chupa aliyonayo, umempa mtoto zaidi ya mara mbili ya dozi. Na vijiko vya nyumbani havilingani, mpe sirinji isiyo na sindano na umwonyeshe mstari.

Uzito ndio mzizi wa hesabu yote hiyo. Usichukue uzito ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki miezi mitatu iliyopita. Mzani usome sifuri kabla mtoto hajawekwa, na avuliwe nguo nzito.

Desimali ndiyo inayotisha. Kichanga cha kilo 3 kinahitaji jentamaisini 5 mg kwa kilo, jumla 15 mg. Ampuli iliyopo ni ya watu wazima, 80 mg kwa 2 ml, kwa hiyo kila ml 1 ina 40 mg. 15 ÷ 40 ni 0.375 ml. Nukta ikisogea hatua moja unapata 3.75 ml, ambayo ni dozi mara 10 ya dawa inayoweza kuharibu figo na masikio ya mtoto. Hapa akili ya kawaida inasaidia kuliko kikokotoo: ukijikuta unavunja ampuli ya pili kwa ajili ya kichanga, simama, rudia hesabu. Tumia sirinji ya 1 ml, maana kwenye ya 5 ml huwezi kuiona 0.375. Ukiandika, andika 0.5, usiandike .5 kwa sababu nukta peke yake hupotea na kubaki 5. Vivyo hivyo usiandike 5.0, itasomeka 50. Insulini iandikwe "yuniti" kwa neno zima, kwa kuwa herufi U ya haraka haraka husomeka kama sifuri.

Dawa za unga zina mtego wake: unga nao unachukua nafasi. Kichupa cha penisilini ya yuniti milioni 1 ukikitia 1.6 ml za maji safi ya sindano unapata 2 ml kamili, yaani yuniti 500,000 kwa kila ml. Ukitia 2 ml unapata 2.4 ml, na kila ml unayovuta ina kama yuniti 417,000. Umempunguzia mgonjwa karibu asilimia 17 ya dozi na hakuna atakayegundua. Kiasi cha maji kimeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, ile inayotupwa kwanza.

Asilimia kwenye dawa za maji ni gramu ndani ya 100 ml. Sukari ya asilimia 50 ina gramu 50 kwa 100 ml, lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 ina gramu 2 kwa 100 ml, yaani 20 mg kwa ml. Mtoto wa kilo 12 sukari imeshuka, anahitaji 5 ml kwa kilo za sukari ya asilimia 10, jumla 60 ml, na stoo ipo ya asilimia 50 tu. Usimpe hiyo ilivyo, itamuunguza mshipa. 50 kwenda 10 ni kuzimua mara 5: sehemu 1 ya sukari, sehemu 4 za maji ya sindano. 12 ml na 48 ml, tayari.

Kanuni hiyo hiyo hutengeneza maji ya klorini ya kusafishia vifaa. Dawa ya asilimia 3.5 kuifikisha 0.5 ni mara 7, lakini hiyo ni jumla: sehemu 1 ya dawa na 6 za maji. Wanaotia 7 za maji wamesahau kutoa ile moja. Na maji hayo hutengenezwa upya kila siku, mwanga na uchafu humaliza klorini.

Dripu: ml zidisha kwa idadi ya matone yanayotengeneza ml 1 kwa mpira ulio nao, gawanya kwa dakika. Mipira mingi ya kawaida ni matone 20 kwa ml, ile ya watoto yenye chumba cha kupimia ni 60. Soma pakiti. Lita 1 kwa saa 8 kwa mpira wa 20 ni 1000 × 20 ÷ 480, kama matone 42 kwa dakika. Lakini kuna mahali matone hayahesabiki. Mtoto wa miezi 18, kilo 10, ameishiwa maji vibaya kwa kuhara na hana utapiamlo mkali: anapewa 30 ml kwa kilo ndani ya dakika 30, kisha 70 ml kwa kilo kwa saa mbili na nusu. Hatua ya kwanza ni 300 ml kwa nusu saa, sawa na matone 200 kwa dakika. Hakuna jicho linaloweza kuhesabu hayo. Bandika plasta ubavuni mwa chupa, chora mstari pale maji yanapotakiwa kufika kila dakika 10, fungua mpira, na ukae naye.

Pale vipimo na hesabu vinapokutana

Magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba ndiyo mfano ninaoupenda kufundishia, kwa sababu unadai kila kitu kilichotajwa hapo juu kwa wakati mmoja. Dawa huja kama asilimia 50, yaani gramu 1 kwa 2 ml. Dozi ya kuanzia kwa mshipa ni gramu 4 ikiwa ya asilimia 20. Gramu 4 ni 8 ml. Gramu 4 kwa asilimia 20 zinatakiwa zikae kwenye 20 ml, kwa hiyo ongeza maji 12 ml, kisha sukuma polepole kwa dakika 5 hadi 20. Inafuata gramu 10 za msuli: gramu 5 kila tako, ambayo ni 10 ml za asilimia 50 ikichanganywa na 1 ml ya lignokaini ya asilimia 2, maana sindano hiyo inauma kweli. Halafu gramu 5 kila saa 4, tako kwa zamu.

Kila kabla ya dozi inayofuata, vitu vitatu. Pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika. Goti liruke ukiligonga. Mkojo usiwe chini ya 30 ml kwa saa katika saa 4 zilizopita, kwa kuwa dawa hutoka kwa figo na mkojo ukikata inarundikana. Dawa ikizidi, goti hunyamaza kwanza, kisha pumzi hushuka. Kimojawapo kikikosekana, dozi haichomwi. Pumzi zikisimama, msaidie kupumua kwa mfuko na maski, na kalsiamu glukoneti, dawa inayopinga magnesiamu, gramu 1, ambayo ni 10 ml za asilimia 10, iingie polepole mshipani. Hiyo ampuli ikae kando ya kitanda tangu mwanzo, si kabatini.

Stetoskopu ya bei mbaya inaweza kusubiri. Kabla ya kuripoti nunua saa yenye mshale wa sekunde, tepu ya fundi cherehani ya kupimia mzingo wa mkono, na sirinji moja moja za 1, 5 na 10 ml uzoee mistari yake kwa kuvuta maji. Fanya hesabu chache kila siku bila simu. Hizi tatu za kuanzia:

Mililita 500 za dripu ya Ringa kwa saa 4, mpira wa matone 20. Mtoto wa kilo 12 mwenye nimonia, amoksilini 40 mg kwa kilo mara 2 kwa siku, vidonge vya kuyeyusha vya 250 mg. Mtu wa kilo 50 anashonwa kidonda, ukomo wa lignokaini isiyo na adrenalini ukiwa 3 mg kwa kilo, dawa iliyopo ni ya asilimia 2.

Majibu: matone 42 kwa dakika; 480 mg kila dozi, kwa hiyo vidonge 2 asubuhi na 2 jioni; 150 mg, yaani 7.5 ml. Uliyepata 75 kwenye la mwisho, umegawanya 150 kwa 2 badala ya 20: rudi kwenye asilimia.